Benchi la Wanaotoka

Hapa Kigombe nilipoletwa kufundisha hakuna kanisa. Jumapili ni siku kama siku nyingine: samaki wanaanikwa, wanawake wanasuka makuti, na mimi nakaa barazani nikijiuliza kama niende Tanga au nisiende. Kwenda ni safari ya baiskeli ya asubuhi nzima, kupitia Tongoni. Jua la asubuhi hunichoma shavu la kulia, na nikirudi alasiri, kwa kuwa nimegeuka na jua nalo limegeuka, hunichoma shavu lile lile. Nimelifikiria jambo hili kuliko linavyostahili.

Mwenye nyumba wangu huniuliza kila akiniona natoa baiskeli nje.

"Mwalimu, huko Tanga huna jamaa. Unakwenda kwa nani?"

Humjibu kwamba nakwenda kanisani. Hutikisa kichwa, si kwa ubaya, na kurudi kwenye kahawa yake. Najua anachotaka kuuliza. Anataka kuuliza kwa nini nisisali chumbani mwangu, Mungu akanisikia hapo hapo, shavu langu likapona. Kumweleza kunanichosha kabla sijafungua mdomo, kwa sababu ningelazimika kuanzia mwaka nilioingia chuo cha ualimu pale Tanga, na nikianzia hapo nitaonekana mjinga. Basi naandika, maana karatasi haicheki.

Nilipoondoka nyumbani, juu kidogo ya Muheza, mama alinisindikiza mpaka kwenye reli. Hakuwa na wasiwasi na chakula wala kitanda. "Chakula watakupa," alisema. "Kitanda watakupa. Kanisa utalitafuta mwenyewe."

Alikuwa na sababu. Kaka yake alikwenda mjini zamani kufanya kazi ya reli, akapotea njia ya kanisani. Hakufa, hakubadili dini, hakufanya lolote baya ambalo mtu angeweza kulisimulia. Aliacha tu kwenda, Jumapili moja na nyingine, mpaka ikawa hana kwao. Kwetu mtu aliyebatizwa na kupata Kipaimara sharti apokee Komunyo siku ya Pasaka, hata kama mwaka mzima amekuwa mvivu. Asipopokea, huhesabiwa ametoka. Kila Pasaka mama alimtaja kaka yake kwa sauti ile wanayotajiwa marehemu, na baada ya hapo hakula chakula mpaka jioni. Mimi nilikuwa mwanawe wa pekee wa kiume. Hakuniambia nisiwe kama mjomba. Hakuhitaji kuniambia.

Sasa, mtu mwingine angefika Tanga akauliza kanisa la kwao liko wapi, akaonyeshwa. Mimi niliona aibu kuuliza. Nilifikiri nikimwuliza mwanafunzi mwenzangu Mwislamu ataniona mgeni sana, na nikimwuliza Mkristo atajua kwamba nimekaa muda wote huu sijasali. Basi Jumapili ya kwanza nikatoka peke yangu nikifuata sauti ya kengele.

Kengele ile ilinipeleka kwenye kanisa la Waingereza, upande wa baharini. Nilijua si langu mara nilipoziona kofia za wanawake. Nikasimama ng'ambo ya barabara nikitafuta namna ya kuondoka bila kuonekana kwamba nilikuwa nimekuja. Mzungu mmoja akashuka kwenye gari lake, akaniona nimesimama, akaniashiria kwa kichwa kama mtu anayemwachia mwingine kazi. Nikaelewa kwamba anadhani nimewekwa pale kulinda magari. Ningeondoka, gari likaguswa na mtu, ingekuwaje? Nikayalinda magari mpaka ibada ilipokwisha.

Jumapili iliyofuata niliingia kanisa ambamo Misa ilisomwa Kilatini, si Kiswahili kama kwetu, na watu wengi waliokuwa mbele walikuwa Wagoa, Wahindi Wakristo, waliovaa suti nzito katika joto lile. Hakuna aliyenisemesha vibaya. Lakini nilipiga goti pale waliposimama, nikasimama pale walipopiga goti, na kufika mwisho nilikuwa nimechoka kama niliyelima. Baadaye nilikwenda kwenye kanisa la Washambaa. Hao walinipokea vizuri mno. Walinipa chakula, wakaniuliza ukoo wangu, wakanialika kwaya. Nyimbo nilizijua, ila wao waliziimba kwa maneno mengine, na kila ubeti nilikuwa nyuma neno moja. Nilirudi chuoni nikiona haya kwa wema wao, nikajua sitarudi tena, na nikajua vilevile kwamba kila nitakapokutana na mmoja wao mjini nitavuka barabara.

Niliyelala naye chumba kimoja alikuwa kijana wa Pangani, mchekeshaji, mtu asiyelifikiria jambo mara mbili. Siku hiyo alinikuta nimelala na viatu.

"Yakhe, leo umeonja makanisa mangapi?"

"Moja."

"Na juma lililopita moja, na la kabla yake moja. Mimi nikifika mji nauliza msikiti uko wapi, naambiwa kata kushoto, yamekwisha. Ninyi sharti kwanza muulizane mnatoka mlima gani."

"Siyo hivyo."

"Ni vipi?"

Nikaanza kumweleza. Alinisikiliza kidogo, kisha akatoka. Aliporudi alikuwa ametia machungwa mawili mifukoni. Alikwenda sokoni kwa muuza machungwa mmoja wa Muheza, akamwuliza, naye akamwelekeza kanisa la kwetu: nyuma ya Ngamiani, uvuke reli, nyumba ya bati yenye msalaba juu, huwezi kupotea. Jambo lililonishinda majuma yote yale yeye alilimaliza kwa muda wa kununua machungwa.

Jumapili ilipofika alinivua shaka nyingine. Nilikuwa mlangoni nikifikiri kama nivae kanzu au suruali. "Vaa kanzu," alisema. "Na chukua kofia yangu. Jua hili utakwenda kichwa wazi kama mgonjwa?"

Nikavaa kanzu na kofia yake, nikaenda.

Mwalimu wa dini alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa mzee mwembamba mwenye kikohozi, na nilipomwamkia aliitikia kwa kunitazama kwanza kichwani. Nikaivua kofia upesi. Akaniuliza jina. Nikamtajia jina la babu yangu, kwa sababu ndilo lililokuwa limeandikwa chuoni na ndilo nililozoea kuitwa siku zile. Jina la babu ni la Kiislamu, kama majina ya wazee wengi wa kwetu waliokuwa wakishuka pwani kufanya biashara. Nilijua ninalo jina la ubatizo. Nilifikiri kulitaja bila kuulizwa ni kujionyesha.

"Umekuja peke yako?" akaniuliza kwa upole.

"Peke yangu, mwalimu."

"Umefanya vizuri. Karibu. Kaa kule nyuma."

Nyuma ndiko nilikokuwa nataka kukaa. Kwetu benchi za nyuma upande wa wanaume ni za vijana ambao hawajaoa. Wanaojifunza ubatizo huketi mbele kabisa, kwenye mikeka, karibu na mlango wa ubavuni, na baada ya mahubiri hutoka kwa mlango huo, kwa kuwa sehemu ya Misa inayofuata ni ya waliobatizwa tu. Kwa hiyo niliketi nyuma nikiwa nimetulia kwa mara ya kwanza tangu nifike Tanga. Nyimbo zilikuwa zetu, kwa maneno yetu. Nilipiga goti mahali pa kupiga goti. Kando yangu alikuwa mtu mzima mwenye unga kwenye nyusi, akisinzia.

Mahubiri yakaisha. Mwalimu wa dini akapiga kengele ndogo, akasema, "Wanaojifunza, tokeni kwa amani."

Benchi zima likasimama, nililokalia mimi.

Nikaelewa mara moja. Nikaelewa na kofia, na jina, na ule upole wake. Ningeweza kubaki nimeketi. Lakini waliokaa mbele walikuwa wamegeuka kidogo, kama watu wanavyogeuka wakisikia benchi likikwaruza, na nikaona nikibaki peke yangu itadhaniwa kwamba mimi ni mkaidi asiyejua adabu. Yule mwenye unga akanigusa na kiwiko.

"Simama, bwana. Unataka tufukuzwe mara mbili?"

Nikasimama. Nikatoka kwa amani.

Nje kulikuwa na banda la makuti. Huko mwalimu wa dini alitufundisha huku tukisikia kwa mbali kengele ya Misa ambayo ilikuwa yangu. Nilijiambia kwamba darasa likiisha nitamwambia. Darasa likaisha, akaanza kukohoa, nikaona si vizuri kumzuia. Nikajiambia nitamwambia Jumapili ijayo. Jumapili iliyofuata nikafikiri: nikimwambia leo, ataniuliza kwa nini sikusema Jumapili iliyopita. Na kila Jumapili niliyonyamaza iliongeza swali lile uzito, mpaka ikawa siwezi kulibeba. Usiku nilipanga maneno. Asubuhi yalionekana mabaya. Nilikuwa nachoka Jumatatu hadi Jumamosi kwa jambo ambalo lingekwisha kwa sentensi moja.

Darasani nako nilipata tabu. Nikijibu upesi, najivuna. Nikijifanya sijui, nadanganya. Nikachagua kujibu ninapoulizwa tu, kwa sauti ndogo. Haikunisaidia. Majibu yangu yalikuwa sahihi yote, na mwalimu wa dini alianza kunitazama kama mkulima anavyotazama mgomba uliozaa peke yake shambani.

"Wewe kichwa chako wamekipaka nini?" akaniuliza yule mwenye unga tulipokuwa tukirudi mjini. "Mimi nina mwaka wa pili na Nasadiki bado inanikimbia."

Alikuwa mpika mikate. Alikanda unga usiku kucha katika duka moja la mjini, na Jumapili alikuja kanisani moja kwa moja kutoka kwenye tanuri, ndiyo maana alisinzia. Nasadiki, ile sala ya imani, aliianza vizuri, kwa sauti kubwa, akafika kwenye mateso akaruka, akatokea kwenye ufufuko wa mwili, asijue amepitaje. Mkewe alikuwa amebatizwa tangu utoto. Yeye alibaki ndani na wanawake kila kengele ilipopigwa, na mumewe akatoka. Darasa letu liliisha kabla Misa haijaisha, kwa hiyo alimngojea pale uani, amesimama, kofia mkononi.

"Nimechoka kumngojea nje," aliniambia, "kama punda aliyeleta mzigo."

Tukawa tunarudi pamoja, yeye na mkewe na mimi. Mkewe alitangulia, sisi nyuma tukisoma Nasadiki. Nilimpangia yale maneno kama anavyopanga mikate: safu hii, kisha safu hii. Alipenda hivyo. Alipokosea alijipiga paji la uso, unga ukapeperuka. Alinitania kwa kila kitu, kwa kanzu yangu fupi, kwa chuo changu, kwa kutembea kwangu kwa kuinama. "Bwana chuo, umeangusha nini chini?" Mara kwa mara alinipa mkate uliobaki, ule wa pembeni uliobanwa na tanuri, na niliula njiani. Sikuwa na mtu mwingine pale Tanga wa kutembea naye Jumapili. Nilikuwa nikiingojea Jumapili, na nikiiogopa pia.

Kwaresima ilipoanza, yule muuza machungwa alikuja mpaka lango la chuo kuniita. Alileta salamu.

"Mama yako anakwambia Pasaka anakuja. Anataka mpokee pamoja, alione kanisa lako kwa macho."

Nilimshukuru. Nikarudi chumbani, nikakaa kitandani.

"Nani amekufa?" akauliza kijana wa Pangani.

Nikamweleza yote. Hakuwa akijua. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaona sicheki, akaacha.

"Mwambie mwalimu wako."

"Nimwambie nini?"

"Mwalimu, mimi ni mwenzenu."

"Ataniuliza kwa nini sikusema."

"Mwambie kwa sababu mimi ni mjinga. Ni kweli, na haichukui muda."

Alisema kweli. Jioni ile ile nikatoka kwenda nyumbani kwa mwalimu wa dini, nikirudia njiani maneno hayo hayo aliyonipa. Nilimkuta amelala juu ya kitanda cha kamba uani, homa imemshika, mkewe akimpepea. Nilipomwamkia alijiinua kwa kiwiko na kutabasamu.

"Nilijua utakuja kuniona. Hao wengine hawaji." Akakohoa kwa muda. "Padre ameniuliza katika darasa hili lote kama yupo hata mmoja atakayefaulu mtihani wa ubatizo. Nimefundisha miaka mingi, bwana mdogo. Kila mwaka wanapungua. Wanaanza, wanachoka, wanaondoka. Nikamwambia, yupo mmoja."

Mkewe alinitazama kwa furaha. Nikamwuliza kama wana maji, akasema ni kidogo, nikachukua debe nikaenda bombani. Niliwatekea maji. Hilo ndilo nililolifanya jioni ile badala ya kusema.

Mama alifika Jumamosi Kuu asubuhi, kwa gari moshi, na kapu la ndizi na kuku aliyefungwa miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Kanisa liko wapi?"

Nilikuwa nimepanga apumzike kwanza kwa mwanamke mmoja wa kwetu aliyeolewa Ngamiani, ale, alale, na mimi nipate muda. Hakutaka. Alijua kwamba siku ile ni ya kuungama, na mtu hapokei Pasaka bila kuungama. Tukaenda moja kwa moja, yeye mbele ingawa hakujua njia, mimi nyuma na kuku.

Uani kulikuwa na mistari miwili mirefu, wanaume huku na wanawake kule, wote wakielekea kwenye mlango ambamo padre alikuwa akiungamisha. Mpika mikate alikuwapo pia, amesimama langoni kama kawaida yake, akimngojea mkewe aliyekuwa katika mstari. Aliniinulia mkono. Mwalimu wa dini, mwembamba zaidi tangu homa yake, alikuwa akipanga watu. Akaniona nimesimama mkiani mwa mstari wa wanaume.

"Bwana mdogo," akasema kwa upole ule ule, "leo si siku yenu. Hawa wanaungama. Ninyi mje Jumanne."

Mama alikuwa hajaingia katika mstari wake. Akageuka.

"Ninyi kina nani?"

Mwalimu wa dini akaona kapu, akaona sura, akafahamu. "Karibu, mama. Huyu ni mwanao?"

"Ni wangu."

"Basi hongera. Hakuna katika darasa langu anayejua mafundisho kama yeye. Mungu akipenda, Pentekoste tunambatiza."

Mama aliweka kapu chini polepole.

"Mnambatiza nani?"

"Huyu."

"Huyu huyu?"

"Huyu, mama."

"Mwalimu, huyu nilimbeba mwenyewe mpaka kwenye birika la ubatizo, hajaota jino, akampiga padre teke. Kwani yeye ni kanzu, afuliwe kila Pentekoste?"

Mistari yote miwili ilicheka. Watu waliokuja kuungama dhambi zao walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Kuku alianza kupiga mabawa mkononi mwangu. Mwalimu wa dini hakucheka. Alinijia karibu.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, mwalimu."

"Na Kipaimara?"

"Nimepata."

"Ulikuwa unapokea?"

"Nilikuwa napokea."

"Sasa kwa nini ulikuwa unatoka?"

Niliyapanga maneno ya swali hili tangu kabla ya Kwaresima. Nilitaka kumweleza habari ya benchi, na jina la babu, na kofia ambayo hata si yangu. Nikasema, "Nilikaa nyuma."

"Lakini nani alikuambia usimame?"

"Mimi," akasema mpika mikate kutoka langoni. Alikuwa amesogea. Naye hakuwa akicheka. "Mimi nilimwambia asimame."

"Huyu tangu utoto wake ndivyo alivyo," mama akamwambia mwalimu wa dini, na sauti yake sasa ilikuwa imechoka. "Ukimkanyaga mguu hasemi. Anangoja uondoke."

Padre akatoka kuona kelele ni za nini. Alikuwa ameungamisha tangu alfajiri, macho mekundu. Aliniuliza nimebatizwa parokia gani, na nani alinisimamia, mama akajibu yote kabla yangu. Padre akanitazama, kisha akamtazama mwalimu wa dini, na nadhani alikuwa anakumbuka yule mmoja aliyetajiwa.

"Aungame," akasema, "na hili nalo aliseme." Akarudi ndani.

Mwalimu wa dini aliendelea kupanga mistari. Alipopita karibu nami alisema kwa sauti ya chini, bila hasira, "Nilimtajia padre mtu mmoja tu."

Nilipotoka kuungama, mpika mikate alikuwa bado langoni.

"Kumbe wewe ni wa ndani," akasema.

"Nilitaka kukuambia."

"Ulitaka." Alikuwa akikunja kofia yake na kuikunjua. "Mimi najipiga kichwa njia nzima, mke wangu anasikia, wewe uliijua Nasadiki tangu unanyonya."

"Nilikuwa nakufundisha."

"Ulikuwa unanifundisha. Mimi nilidhani tunajifunza."

Mkewe akatoka, wakaondoka. Sikuwafuata, ingawa ilikuwa njia yangu.

Siku ya Pasaka mwalimu wa dini alinionyesha kwa mkono mahali pangu pa haki, benchi la tatu kutoka mbele, kati ya watu wazima wenye makoti ambao sikumjua hata mmoja. Mama alikuwa upande wa wanawake, kilemba kipya kichwani. Mahubiri yalipokwisha kengele ndogo ikapigwa, na miguu yangu ikataka kusimama. Nilishika benchi la mbele. Nyuma yangu nilisikia lile benchi jingine likikwaruza sakafu, na miguu ikitoka. Sikugeuka. Nilijua bila kugeuka ni nani aliyevuta miguu kwa usingizi.

Nikapokea. Mama akapokea. Aliporudi mahali pake alinitafuta kwa macho mpaka akanipata, na uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo. Mchana ule alikula. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akila mchana wa Pasaka.

Nilimsindikiza stesheni Jumatatu. "Sasa nitalala," alisema dirishani. "Una kanisa."

"Ndiyo, mama."

Lakini juma lile zima sikuwa na hakika. Nililala nikifikiri Jumapili nitakaa wapi. Lile benchi la tatu lilikuwa langu, kila mtu alikuwa amekwisha kuliona hivyo, na nilipojiona nimelikalia tena kati ya makoti yale nilihisi uchovu ule wa kuyalinda magari. Kijana wa Pangani aliniambia kukaa ni kukaa, nichague tako la kulia au la kushoto. Nikamrudishia kofia yake, nikaenda kichwa wazi.

Mwalimu wa dini alikuwa mlangoni. Nikamwamkia, akaitikia. Nilisubiri anielekeze. Hakunielekeza. Nikapita benchi moja baada ya jingine kwa macho, kisha nikaketi nyuma, pale pale. Aliniona. Alikohoa, akatazama nje.

Mpika mikate alikuja amechelewa, unga kwenye nyusi. Mahali palipobaki ni kando yangu. Aliketi bila salamu. Padre alipoanza kuhubiri alijikaza kidogo, akainama, akainuka, mwisho kichwa chake kikaniegemea begani. Kilikuwa kizito na kilinukia hamira. Sikujitikisa.

Kengele ndogo ikapigwa. Benchi likasimama, yeye bado amelala. Nikamgusa na kiwiko.

Akafumbua macho, akaona wenzake wanatoka, akanitazama. "Na wewe?"

"Mimi nabaki."

Kisha akasimama, akachukua kofia yake kutoka magotini, akaiweka juu ya benchi, mahali alipokuwa ameketi, karibu nami.

"Nishikie nafasi," akasema. "Nakuja."

Akatoka na wengine. Nikabaki peke yangu kwenye benchi refu, mbele yangu migongo ya watu, na huko nje, kupitia dirishani, nikamsikia akianza Nasadiki kwa sauti kubwa. Nilifuata kila neno midomo ikinicheza. Alipofika kwenye mateso alisita. Nikaichukua kofia nikaishika kwa mikono miwili. Ndani ilikuwa na unga.